Nyanya Ziache Ng'ambo ya Barabara

Kwa wengi wetu wa Elerai, Arusha, supamaketi kubwa ya kwanza kuingia ilikuwa Shoprite ya pale TFA, Barabara ya Sokoine, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulipanda kifodi, ukapita Mbauda na Majengo, ukamwambia konda "Kilombero shusha", na kwa nauli moja ulikuwa umefika sehemu mbili. Upande mmoja soko, makelele, tope na visado vya nyanya. Upande wa pili maegesho ya magari, vioo, na mlinzi aliyevaa tai. Watu walikwenda kushangaa kabla ya kwenda kununua. Nawajua waliovaa nguo za kanisani ili wakasukume toroli tupu, wazunguke, watoke na chupa moja ya maji baridi na mfuko wenye jina la duka. Mfuko ule ulitunzwa nyumbani, ukabebewa madaftari ya shule mpaka ukachanika.

Hata leo mtu akihamia mjini kutoka Monduli au Karatu, au kijana akipata mshahara wake wa kwanza, swali huwa lile lile: nikienda supamaketi mara ya kwanza ninunue nini? Jibu ninalowapa nililiokota kwa shangazi yangu. Aliuza nyanya, karoti na hoho palepale Kilombero, na kwa muda mrefu alikataa katakata kuvuka barabara. "Nikanunue wapi," alikuwa akisema, "na mimi mwenyewe ni duka?"

Kilichomvusha ni wateja. Walianza kumwambia kwamba nyanya za kule ni safi, hazina vumbi, hazijabonyezwa na kila mpita njia. Hilo lilimchoma. Siku moja mchana, soko lilipopoa, akamwachia jirani meza yake, akafunga khanga vizuri, akachukua kikapu chake cha ukindu, akaniambia, "Twende, baba, ukanisomee bei."

Mlangoni tuliambiwa tuache kikapu. Akakiacha kwa shingo upande, akakiangalia mara mbili kama kinabaki salama, tukaingia. Kwenye mkate unaonukia hakugeuka. Kwenye ubaridi wa majokofu alijikunyata tu akaendelea. Alikwenda moja kwa moja kwenye mboga.

Nyanya zilikuwa zimepangwa nne nne kwenye visahani vyeupe, zimefunikwa nailoni. Shangazi alikiinua kisahani kimoja mpaka usawa wa macho, akakipindua, akazikagua nyanya kwa chini. Mtu anayepanga meza ya nyanya kwa mikono yake mwenyewe anajua kwamba nzuri huwa zinakaa juu na upande unaomtazama mteja. Akanusa, akakuta hazina harufu. Akaniuliza kinauzwaje, na kina uzito gani. Nikamsomea. Midomo ikawa inacheza bila sauti: alikuwa anageuza gramu kuwa kisado. Halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuvuke barabara.

"Kwa hela hii mimi natoa sado zima," alisema, "na nyongeza juu."

Akahamia kwenye karoti, vitunguu, parachichi, ndizi. Kila bei nilimsomea, kila bei aliigeuza. Hakununua hata kimoja, ila kesho yake karoti zake pale mezani zilipanda kidogo, na mteja aliyelalamika alijibiwa kwamba za ng'ambo ni ghali zaidi, akitaka avuke akahakikishe.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia wageni wa supamaketi ni hilo: nyanya ziache sokoni. Sisemi hivyo kwa uzalendo wa soko. Mji huu umekaa chini ya Mlima Meru, na mboga zinazoshuka kutoka miteremko yake, ndizi, karoti, kabichi, viazi, zinafika Kilombero au Tengeru zikiwa bado na umande. Ukizikuta kwenye jokofu la supamaketi zimeshapita mikono mingine, zimepimwa, zimefungwa, zimepozwa, na kila hatua imelipiwa. Wewe unalipa umeme wa kulipoza kabichi lililolimwa kilomita chache kutoka unapoishi. Sokoni una kisado, una fungu, una maneno, na una nyongeza. Nyama ni hivyo hivyo: bucha la mtaani linachinjiwa asubuhi, na unamwonyesha mchinjaji kwa kidole mahali pa kukata. Maziwa sina haja ya kusema sana. Anayejua loshoro anajua kwamba mtindi wake unatoka kwenye kibuyu cha mama wa Kimaasai au wa Kiarusha, si kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya stroberi.

Baada ya mboga nilidhani tumemaliza. Lakini ili kutoka ilibidi kupita kati ya rafu, na tukatokea kwenye sabuni. Hapo shangazi akawa mtu mwingine.

Niwakumbushe wadogo. Mwaka 1976 serikali ilianzisha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakatakiwa kufungwa na kazi yake kufanywa na maduka ya kijiji na ya ushirika, huku bidhaa zikipitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Kwa Arusha, mji ulio karibu na mpaka wa Namanga kuliko ulivyo karibu na Dodoma, hilo lilikuwa jambo zito. Ikaja vita ya Kagera, bei ya mafuta ikapanda duniani, viwanda vikakosa malighafi. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga vikawa bidhaa adimu, na bidhaa adimu lilikuwa jina rasmi, lilitajwa mpaka redioni. Kopo la mafuta ya Kimbo lililovuka kwa magendo lilifichwa chini ya kitanda. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na ndani ya nyumba watu wakaogopa hata akiba yao wenyewe ya sabuni. Mambo yalianza kulegea 1984, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985 ruksa ikawa ruksa kweli.

Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka foleni kwa miguu: kubadilisha mguu huu na ule, huku nikishikilia nafasi ya mtu mzima. Kanuni ilikuwa moja. Ukiona foleni, jiunge kwanza, uliza baadaye wanauza nini. Kilichopo kinunue, hata kama hukihitaji, maana kesho hakipo, na usichokihitaji utabadilishana na jirani. Watu waliishi hivyo miaka mingi, na mazoea ya mkono hayafutwi na tangazo la serikali.

Sasa shangazi, mwenye mazoea hayo, akasimama mbele ya ukuta wa sabuni. Za mche, za unga, za kuogea, za maji, za rangi zote, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa chake. Hakuna foleni, hakuna kadi, hakuna mtu wa kumwambia mwisho vipande viwili. Mkono ukaanza kuchota. Mche wa kwanza kwenye kikapu cha duka, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuwa anaangalia bei tena, yeye aliyetoka kukokotoa nyanya mpaka senti. Mimi nilinyamaza, humfundishi shangazi yako kununua sabuni.

Kijana wa duka alikuwa amechuchumaa karibu anapanga mapakiti. Shangazi akamgeukia.

"Mwanangu, na kesho zitakuwepo?"

"Zitakuwepo, mama. Hata kesho kutwa."

"Na mwezi ujao?"

Kijana akacheka kwa adabu. "Hata mwezi ujao."

Shangazi akafikiri. Akarudisha miche mitatu, mmoja mmoja, akaipanga vizuri kuliko ilivyokuwa. "Basi zikae huku," akasema. "Wanitunzie."

Tangu siku hiyo sijasikia maelezo bora ya supamaketi ni nini. Ni ghala ambalo wenyewe wanalilipia pango na ulinzi, na wewe huna sababu ya kulihamishia chumbani kwako kwa siku moja. Anayeingia mara ya kwanza, hata kama hakuziona foleni za miaka ile, huwa ana mkono ule ule wa kuchota, maana kwao pia kuna kumbukumbu ya kukosa. Duka linaujua mkono huo na limejengwa kwa ajili yake.

Hili si jambo la jana. Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita hata Marekani ulinunua kama tunavyonunua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani: unasimama upande wa pili wa kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anakufikishia. Mwaka 1916 bwana mmoja wa Memphis, Clarence Saunders, alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akaondoa kaunta, akawaacha wateja wajichukulie wenyewe. Aliwapitisha kwenye njia moja inayozunguka duka lote, hivyo aliyekuja kwa chumvi alilazimika kuviona vitu vyote vingine kabla ya kulipa. Zikapita kama miaka 20, mwenye maduka wa Oklahoma, Sylvan Goldman, akagundua kwamba mteja huacha kununua kikapu kinapomlemea mkononi. Mwaka 1937 akakifungia kikapu magurudumu, na toroli ikazaliwa. Inasemwa wateja waliikataa mwanzoni, wengine wakiona ni kama kusukuma mtoto, mpaka alipoajiri watu wa kuzisukuma dukani ili wengine waige. Ndiyo maana namwambia anayekwenda mara ya kwanza: toroli iache mlangoni, chukua kikapu cha mkono. Mkono ukichoka, umemaliza.

Haya, tununue nini basi? Vile ambavyo mwezi mzima unavinunua kwa Mangi vidogo vidogo. Sabuni ya unga ya pakiti ya siku moja, dawa ya meno ya kichupa, mafuta ya kula ya kipimo, majani ya chai ya kipakiti, karatasi za chooni moja moja. Haviozi, havitegemei msimu, na hapo ndipo tofauti ya bei ilipo. Mafuta ya kipimo kimoja kimoja ukiyajumlisha mpaka yafike lita tano, utakuta umelinunua dumu na sehemu ya dumu jingine. Mangi si mwizi. Anakuuzia jioni umeme umekatika, anakuuzia kwa mtoto aliyetumwa na sarafu, na ana daftari. Supamaketi haina daftari. Tarehe 22, mfuko ukiwa mtupu, hakuna keshia atakayekuandika jina akupe robo ya sukari. Kwa hiyo simshauri mtu amhame Mangi. Mwachie sukari, viberiti, mkate wa asubuhi na maneno ya mtaani, umpunguzie tu yale mapakiti.

Tatizo ni kwamba akiba ya kununua dumu zima mwenye kibarua cha kutwa hana. Wa nyumba yetu ya kupanga Elerai walilimaliza hilo kwa namna yao: akina mama watatu walichangishana, mmoja akatumwa mjini, mfuko mkubwa wa sabuni ya unga ukaja kugawanywa uani kwa kopo, mbele ya macho ya wote, na kopo likisawazishwa kwa kisu. Kelele zilikuwepo. Lakini kila mmoja alipata sabuni ya bei ya mfuko mkubwa bila kuwa na hela ya mfuko mkubwa, na nadhani ni akili kuliko nyingi nilizoziona ofisini.

Ukubwa wenyewe nao una ujanja, hapa pana haja ya kukaa kidogo. Tumezoea kwamba kikubwa ni nafuu. Sokoni ni kweli: debe ni nafuu kuliko sado, sado ni nafuu kuliko fungu. Kwenye rafu si lazima. Tuseme kopo la gramu 200 ni shilingi 1,800, na kopo kubwa la gramu 500 ni shilingi 5,000. Dogo linakupa gramu kwa shilingi 9, kubwa kwa shilingi 10. Makopo mawili madogo na nusu yangekugharimu 4,500, kwa hiyo ukubwa wa lile kopo umekula shilingi 500 zako. Shangazi hakuwahi kuijua kanuni hii ya bei kwa gramu kwa jina, lakini ndiyo aliyokuwa akiifanya kwa midomo mbele ya nyanya. Siku hizi kila mtu ana kikokotoo kwenye simu, na sioni aibu kukitoa katikati ya duka. Wanaotazama watadhani unajibu meseji.

Angalia pia chini na nyuma. Bidhaa inayolipiwa matangazo hukaa usawa wa macho. Ndugu yake wa bei ya chini yuko karibu na viatu vyako. Na yenye tarehe ya mwisho iliyo karibu husogezwa mbele ili iondoke kwanza, kwa hiyo kwa maziwa na mtindi wa pakiti ingiza mkono mpaka nyuma ya rafu. Mistari myeusi ya bakodi huanza na tarakimu za nchi ambako kampuni ilisajili namba zake: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, 600 na 601 ni Afrika Kusini. Haithibitishi bidhaa ilitengenezwa wapi, ila mtu akipenda jamu ya kwetu ipate nafasi kwenye rafu, ana pa kuanzia kutazama.

Na kitu kimoja cha raha. Hili nalo ni la shangazi. Tulipofika kwenye kulipa, na mche wake mmoja wa sabuni na dumu la mafuta, aligeuka akarudi peke yake, akaja na mkate mrefu uliotoka kwenye tanuri, bado una joto ndani ya karatasi. Hakuniuliza bei yake na sikumtajia. Tukavuka barabara, akaukata kwa kisu chake cha kumenyea vitunguu, akawagawia wauza nyanya wote wa mstari wake, na chai ya mama ntilie ikaletwa. Mmoja alisema ni mtamu lakini haushibishi. Mwingine akauliza kama kule kuna choo. Wakakaa wanaupima kwa ulimi kama walivyopima kila kitu, na kabla ya saa kumi kila mtu Kilombero alikuwa anajua bei ya kisahani cha nyanya.

Ule uhakika wa yule kijana, kwamba sabuni zitakuwepo hata mwezi ujao, ulikuwa na mwisho wake. Mwaka 2014 Shoprite iliyauza matawi yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya, ikaondoka. Nakumatt nayo, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina yake Afrika Mashariki, ilielemewa na madeni. Wagavi wasiolipwa wakaacha kuleta mizigo, rafu zikabaki na nafasi, na Januari 2018 mahakama ya Nairobi ikaiweka mikononi mwa msimamizi. Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, ilikwishafunga maduka yake ya Tanzania tangu 2015. Shangazi aliposimuliwa habari za supamaketi zenye rafu tupu hakushtuka. Aliuliza tu kama wafanyakazi walilipwa.

Mji haukukosa maduka makubwa, na mengine yamekuja. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ule mfuko wenye jina la duka haupo tena wa kujivunia. Unakwenda na wako, na vikapu vya ukindu vimerudi kwenye heshima yao. Risiti ichukue, uisome ukiwa bado karibu na keshia, si ukifika Majengo. Bei ya kwenye rafu na bei ya kwenye mashine wakati mwingine hazijasalimiana, na ni rahisi kuzipatanisha ukiwa bado ndani.

Shangazi ameacha meza, magoti hayamruhusu, mwanawe ndiye anayepanga nyanya sasa. Nikimpitia nikiwa nakwenda mjini, baada ya shikamoo na habari za watoto, hunipa hela iliyokunjwa ya dumu moja la mafuta na mche mmoja wa sabuni. Nikishafika getini huniita tena.

"Na ukipita kwenye parachichi, baba, uangalie wanauzaje."